Kondoo Watano wa Kwanza



Mtu akija kuniuliza habari za kufuga kondoo, neno lake la kwanza huwa hili: "Bwana Shamba, ninunue wangapi?" Nami humjibu, "Watano, wote majike." Wengi hucheka. Walitazamia kusikia ishirini au thelathini, kwa kuwa wamewaona Wamasai wakipita na makundi makubwa, wakadhani kwamba kondoo ni mnyama wa kujilea mwenyewe. Si hivyo. Mmasai amezaliwa katikati ya kondoo. Humjua kila mmoja kwa sura, na jioni akipotea mmoja hana haja ya kuhesabu, maana huona mara moja uso gani haupo. Wewe na mimi hatuna jicho hilo. Yatupasa tulipate kwanza, nalo halipatikani kwa kondoo thelathini.

Nitakueleza nilivyolipata mimi, ijapokuwa habari yenyewe ni ya aibu kidogo.

Nilikuwa kijana, nimetoka chuoni na cheti changu cha ukulima. Nilikaa katika miteremko ya Mlima Meru, karibu na Arusha, mahali penye migomba na kahawa, na majani mabichi karibu mwaka mzima. Nikachukua akiba yangu ya miaka miwili, nikashuka mnadani katika nchi ya chini iliyo kavu, nikanunua kondoo 12 kwa mchuuzi mmoja asiyekuwa na haya, ambaye alikuwa amewalambisha chumvi na kuwanywesha maji mengi ili matumbo yao yaonekane yameshiba. Nikawapandisha nyumbani kwa furaha. Ulikuwa mwezi wa Machi, na masika ikaanza juma lililofuata.

Kila siku naliwafungulia mlango kabla ya jua kuchomoza, kwa kuwa nilifundishwa tangu utoto kwamba aamkaye mapema ndiye apataye. Wakala majani yenye umande mpaka matumbo yakawa kama ngoma. Mikia yao ilikuwa minono, na mavi yao vidonge vikavu kama ipasavyo. Nikajisifu mbele ya majirani. Mwisho wa Aprili mmoja akalala asiinuke. Baada ya siku tatu akafa mwingine, nami nikampasua nipate kujua sababu. Nyama yake ilikuwa nyeupe kama ya kuku. Katika tumbo lake la nne nikakuta minyoo myembamba kama uzi, yenye mistari myekundu na myeupe iliyosokotana, mingi hata sikuweza kuihesabu. Mvua ilipokoma walikuwa wamekufa saba.

Jirani yangu, bibi mmoja mzee asiyeingia darasani hata siku moja, alikuwa na kondoo wanne, wala hakufa hata mmoja. Nikaenda kwake, nikamwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimesikia msiba wa zizi lako."

Nikamwuliza dawa yake ni ipi. Akanitazama kwa huruma. "Dawa gani? Mimi nangoja jua likaushe majani. Wewe nakuona kila alfajiri wafungulia kondoo wako wakanywe umande. Umande ule una wenyewe."

Nilirudi nyumbani nimenyamaza. Cheti changu kilikuwa ukutani.

Basi wenye umande ule ni hawa. Minyoo ile niliyoiona hukaa tumboni na kunyonya damu, na jike mmoja wa minyoo hiyo aweza kutaga mayai 5,000 hata 10,000 kwa siku. Mayai hutoka pamoja na mavi. Kukiwa na joto na unyevu, kwa muda wa siku 4 hata 7 hutokea vijidudu visivyoonekana kwa macho, navyo hupanda majani kwa njia ya maji yaliyoyafunika, ya umande au ya mvua. Majani yakikauka, hushuka chini penye ubichi karibu na udongo. Kondoo alaye asubuhi huvimeza kwa wingi. Baada ya majuma matatu vimekuwa minyoo mipevu, nayo yaanza kutaga.

Fanya hesabu pamoja nami. Mnyoo mmoja hunyonya damu kidogo mno, kama sehemu moja katika 20 ya mililita kwa siku. Lakini minyoo 1,000, nayo si idadi ya ajabu, hunyonya mililita 50, yaani vijiko 10 vya chai. Mwana-kondoo wa kilo 15 ana damu ya lita moja tu mwilini mwake. Atakula majani gani yatakayomwongezea damu upesi kuliko inavyonyonywa?

Na ubaya wa minyoo hii ni kwamba kwa kawaida haileti kuhara. Ndiyo maana nalidanganyika. Mkia nao hudanganya, kwa kuwa mafuta yake hayaishi kwa siku moja. Kondoo aweza kufa kwa kukosa damu hali mkia wake ungali mnono. Kwa hiyo tazama jicho. Mshike kondoo nje, mchana kweupe, ufunue ukope wa chini kwa kidole gumba, uangalie nyama ya ndani. Ikiwa nyekundu, ana damu ya kutosha. Ikiwa na rangi ya waridi iliyofifia, mtilie shaka. Ikiwa nyeupe, usingoje kesho. Katika miaka ya 1990 wataalamu wa Afrika ya Kusini walitengeneza kadi yenye rangi tano za kulinganishia ukope huo. Ukiipata kwa daktari wa mifugo, itunze. Usipoipata, wafunue ukope kondoo wako wote watano siku moja, kisha uwalinganishe wao kwa wao. Baada ya miezi miwili jicho lako litakuwa limezoea.

Tena, jioni warudipo malishoni, papasa chini ya taya. Uvimbe laini, kama mfuko mdogo wa maji, ni dalili kwamba damu imepungua nguvu na maji yanavuja kutoka ndani yake. Kutwa nzima kichwa kimeinama kikila, ndipo maji hukusanyika pale. Asubuhi uvimbe huweza kuwa umepungua, nawe utasema amepona. Hajapona.

Dawa za minyoo zipo, nazo ni njema. Walakini wako watu wanaonywesha zizi zima kila mwezi, mzima na mgonjwa, wakidhani kwamba ndiyo bidii. Minyoo inayobaki baada ya dawa ni ile isiyoiogopa dawa, na hiyo ndiyo itakayozaa. Ukiendelea hivyo kwa miaka michache utakuwa umefuga minyoo isiyokufa, kama ilivyokwisha kutokea Kenya, Afrika ya Kusini na nchi nyingine nyingi. Mnyweshe yule mwenye ukope mweupe au uvimbe chini ya taya, wengine uwaache. Naye mpe kipimo kamili cha uzito wake, kwa kuwa nusu ya kipimo ni mbaya kuliko kutompa kabisa. Ingiza mrija pembeni mwa kinywa, umimine polepole juu ya ulimi kwa nyuma, wala usikiinue kichwa chake sana, dawa isije ikaenda mapafuni.

Lakini kazi kubwa zaidi ni ile ya bibi. Katika majira ya mvua usiwafungue kabla ya saa nne, majani yakiwa yamekauka. Siku ambayo mvua hainyamazi, wakae ndani uwaletee majani ya kukata, nawe uyakate juu, kiasi cha shubiri moja kutoka chini, maana vijidudu vingi hukaa karibu na udongo. Usiwarudishe mahali pale pale siku baada ya siku. Panapo joto na mvua, vingi katika vijidudu hivyo hufa kwa muda wa mwezi mmoja hata miwili vikikosa wa kuvimeza. Kwa hiyo yafaa kuligawanya shamba la majani, kila kipande kikapata kupumzika. Na ile desturi ya kumfunga kondoo kwa kamba katika kigingi kimoja juma zima, akala alipokunya, ni sawa na kumpikia chakula chooni.

Sasa tuje kwenye kununua, jambo ambalo nalipaswa kulisema kwanza, ila nimekwisha kukuambia kwa nini minyoo imeniingia moyoni.

Ukiweza, usinunue mnadani. Nenda nyumbani kwa mfugaji, uwaone kondoo wake wakitembea na kula, uwaone na mama zao. Chagua jike mchanga. Mfungue kinywa uangalie meno ya mbele ya chini (juu hana), nayo ni manane. Mwana-kondoo ana meno madogo ya utoto. Apatapo kama mwaka mmoja au mwaka na nusu, yale mawili ya katikati hung'oka, yakaota mawili mapana. Jike mwenye meno mapana mawili au manne ndiye akufaaye. Mwenye manane yaliyo imara angali mzima, lakini hujui ana umri gani. Mwenye mapengo mwache kwa mwenyewe, hata akikupunguzia bei. Shika kiwele: kiwe laini, chenye chuchu mbili nzima, bila uvimbe mgumu ndani. Tazama kwato, pua na matako. Funua ukope, kama ulivyojifunza. Muuzaji akikukataza kumshika kondoo, umepata jibu lako.

Ukifika nyumbani, wageni wakae peke yao majuma matatu kabla ya kuchanganyika na mnyama mwingine wako. Kwa mtu aanzaye bila mnyama ye yote, sheria hii ni nyepesi mara ya kwanza. Ni mara ya pili watu huisahau.

Wengine huniuliza habari za aina ya kondoo. Yuko kondoo wa Dorper, aliyetokana na kazi ya wafugaji wa Afrika ya Kusini iliyoanza katika miaka ya 1930, kwa kumchanganya kondoo wa Kiingereza aitwaye Dorset Horn na yule mwenye kichwa cheusi wa asili ya Kisomali. Hukua upesi, ana nyama nyingi, na bei yake mnadani hupendeza. Na yuko kondoo mwekundu wa Kimasai, mdogo kidogo, mwenye manyoya mafupi na mkia wa mafuta. Kati ya mwaka 1991 na 1996 wataalamu waliwalinganisha hao wawili katika pwani ya Kenya, pande za Diani, mahali penye joto na unyevu mwingi. Wana-kondoo wa Kimasai walikuwa na mayai machache zaidi ya minyoo katika mavi yao, tena walikufa wachache kuliko wale wa Dorper. Hakuna aliyewafundisha, ni damu yao. Wale saba wangu waliokufa walikuwa wengi wao chotara wakubwa wazuri wa kutazamwa, na watano waliobaki walikuwa wekundu wadogo, niliowanunua mwishoni kwa sababu fedha zilikuwa zimepungua. Basi ukikaa penye mvua nyingi, anza na mwekundu. Ukikaa nchi kavu, yenye minyoo michache, fikiri mwenyewe.

Banda si jambo la kukutisha. Kwa majike watano na watoto wao yatosha upana wa mita 3 na urefu wa mita 4. Sakafu na iinuliwe juu ya nguzo kiasi cha magoti, nayo iwe ya fito au mbao zenye nafasi ya unene wa kidole, mavi yapite na kwato zisinase. Kuta ziruhusu hewa, paa lisivuje, mlango uzuie fisi na mbwa. Chini ya banda utapata samadi, na migomba yako itakushukuru kabla ya kondoo hawajazaa.

Chakula chake wakijua: majani, marando ya viazi, mabua ya maharagwe na ya mahindi, majani ya lukina yaliyopandwa mipakani. Maji safi kila siku, hata wakati wa mvua, na chumvi ya kulamba. Mambo mawili yaangalie sana. La kwanza ni nafaka. Kondoo akivunja mlango wa ghala akala mahindi mengi kwa mara moja, tumbo lake huchacha kama pombe, naye aweza kufa kesho yake. Mwite daktari wa mifugo upesi, usikae kumtazama. La pili ni shaba. Kondoo haivumilii shaba nyingi katika chakula kama ng'ombe au kuku waivumiliavyo, bali humlimbikia katika ini mpaka imwue. Kwa hiyo usimpe chakula cha kuku wala cha nguruwe, wala madini ya ng'ombe, hata jirani akikupa bure. Nunua yale yaliyoandikwa kuwa ya kondoo.

Dume usinunue mwaka wa kwanza. Dume mmoja mpevu atosha majike 25. Mtu wa majike watano akimlisha dume wake mwenyewe mwaka mzima, amlisha mgeni asiye na kazi. Patana na majirani wanne au watano, mnunue mmoja kwa shirika. Andikeni nani amlisha mwezi gani na nani alipa dawa yake, kwa maana urafiki mwingi umevunjika kwa ajili ya dume. Afunuliwe ukope kabla ya kuingia kila zizi. Baada ya miaka miwili mbadilisheni, asije akapanda binti zake. Na mwenye majike wa mkia mnono asijivunie kuazima dume mkubwa wa kigeni mwenye mkia mwembamba, kwani mara nyingi hutaabika, hajui la kufanya na mkia ule. Dume wa kwetu ajua.

Mimba ya kondoo ni siku 150 hivi, yaani miezi mitano. Hapa Meru napenda wazaliwe mwezi wa Juni, mvua kubwa zikiwa zimekoma na majani yangalipo. Kwa hiyo dume huingia Januari na hutoka baada ya majuma sita. Atakaye kuzaa hujitenga na wenzake, hukwaruza chini kwa kwato, hulala na kuinuka. Mwache. Miguu miwili ya mbele ikitokea na pua juu yake, mambo ni mema. Akijikamua kwa muda wa saa nzima bila kutokea kitu, au ukiona mguu mmoja, au mkia, tafuta msaada wa mtu ajuaye. Mtoto akizaliwa, pangusa pua yake kama mama hajaanza kumlamba, utie kitovu dawa ya aidini, kisha ukamue chuchu kila moja kidogo uhakikishe zimefunguka. Lazima anyonye dang'a katika saa sita za kwanza. Maziwa yale mazito ya manjano ndiyo kinga yake, na baada ya siku moja mwili wake hauwezi tena kuipokea kinga hiyo. Mama akifa, kamua dang'a ya kondoo mwingine aliyezaa siku ile, au ya mbuzi, au ya ng'ombe, umpe ingali na joto la mwili.

Jambo jingine lisiloweza kungoja. Mwaka 2008 sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa katika Tanzania, upande wa kaskazini. Siyo sotoka ya ng'ombe, ambayo mwaka 2011 ilitangazwa kuwa imekwisha duniani. Hii ni nyingine, nayo ingalipo. Mnyama hupata homa, macho na pua hutoka uchafu, kinywa huota vidonda, kisha huharisha na kuhema kwa shida. Haina dawa ya kuiponya, lakini chanjo yake ipo, na chanjo moja humkinga mnyama kwa miaka mitatu au zaidi. Peleka jina lako kwa afisa mifugo tangu siku uwanunuapo, uwemo katika hesabu yake wachanjaji wajapo. Ukiona dalili hizo, usimpeleke mgonjwa mnadani ili umpunguzie mwingine hasara yako.

Tuseme basi kwamba mwaka wa kwanza majike wako watano wamezaa watano, na mmoja akafa, kama itokeavyo. Una tisa. Madume wahasiwe kabla ya miezi minne, la sivyo watapanda mama na dada zao. Binti wema waweke, uandike katika daftari mama wa kila mmoja, siku aliyozaliwa, na ni mara ngapi umempa dawa ya minyoo. Jike ahitajiye dawa kila masika, na binti yake kadhalika, muuze. Yule ambaye ukope wake ni mwekundu mwaka hata mwaka, usimwuze kwa bei yo yote. Mimi nilianza daftari hilo na wale wekundu watano waliobaki. Mmoja wao aliishi hata meno yake yote yakaisha, hakunywa dawa mara mbili maishani mwake, na karibu nusu ya kondoo walio zizini mwangu leo ni wa uzao wake.